Lamu kwa Miguu, kwa Saa ya Maji

Njia nzuri za kutembea Lamu hazikuchongwa kwa ajili ya wageni. Hakuna mishale iliyopakwa rangi juu ya mawe, wala mabango ya kukuhesabia kilomita. Kuna vijia vilivyokanyagwa na watu waendao shamba, punda waliobeba mawe na mchanga, wakataji wa mikoko, na waumini waendao kuzuru makaburi. Nimevipita vijia hivyo wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na sijaona bado sehemu nyingine ya pwani yetu inayomlipa mtembezi kwa ukarimu huu: mji wa mawe, ufuo usioonekana mwisho wake, msitu wa mikoko na magofu ya kale, vyote katika visiwa vitatu vinavyopakana. Sharti ni moja tu: ukubali kuongozwa na maji.

Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 3, na upwa hubaki wazi mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Baada ya wiki moja huja maji mafu. Bahari hainyanyuki sana wala haishuki sana, na saa ileile ya asubuhi utaikuta imejaa. Mgeni asiyejua hesabu hii hupanga safari zake kwa saa ya mkononi, kisha akashangaa njia ya jana imekwenda wapi. Kijana wa mtaa wa Langoni aliyeniongoza hakuwa na haja ya kutazama simu. Kila nilipomwuliza tutoke lini, alitazama ukingo wa gati, akaona boti zimeketi vipi, kisha akanijibu kwa Kiamu chake: “Mai kwanda, bwana.”

Ndani ya mji

Matembezi ya kwanza hayahitaji kuvuka mahali popote. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni wa kutembea kwa sababu haukuachiwa nafasi ya kitu kingine. Vichochoro vyake ni vya watu wawili kupishana, au mtu na punda. Ukisikia “Simile! Simile!” nyuma yako, bana ukutani upesi, maana punda mwenye viroba vya saruji hasimami kwa ajili ya picha yako.

Ingilia uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821 na iliyotumika kama gereza hadi 1984. Kutoka hapo shika Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na bahari. Zamani njia hiyo ndiyo iliyokuwa ufukwe wenyewe. Ukingo wa leo, penye gati na mikahawa, ni ardhi iliyojazwa baadaye. Ukielekea kaskazini utaingia Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe ya matumbawe, wenye milango iliyonakshiwa, madaka ya kupokelea wageni na mabaraza ya kukalia jioni. Ukiteremka kusini utaingia Langoni, mtaa wenye harakati zaidi za maduka, misikiti na vijiko vinavyogongana kwenye bilauri za chai.

Ukikaribishwa ndani ya nyumba ya mawe, au ukiingia ile iliyohifadhiwa kama makumbusho, tazama juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina ukomo wa urefu. Ndiyo sababu vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa chini ya mita 3. Msitu ndio uliompa mwashi kipimo. Mtembezi mwenye hamu ya kujua atauona msitu huo kabla ya safari kwisha, kwa hiyo ni vizuri aanzie hapa.

Tembea asubuhi na mapema, au baada ya alasiri. Toa salamu unapopita barazani. Huwezi kupita mbele ya wazee kimya kama uliyewakasirikia. Vaa nguo za heshima, na wakati wa sala usiufanye mlango wa msikiti kuwa kituo cha mapumziko.

Lamu hadi Shela

Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, mwendo wa dakika 40 au 45 ukifuata ukingo wa bahari. Maji yakiwa yamepwa utapita chini, kando ya mashua zilizolala ubavu zikipakwa rangi na kukalafatiwa. Maji yakijaa itakubidi ufuate njia ya ndani, nyuma ya kuta za nyumba. Zote mbili ni nzuri, ila ya chini ndiyo inayokuonyesha kazi: wavuvi wanatengeneza nyavu, punda wanateremshiwa mizigo, watoto wanachimba chambo.

Shela inajitambulisha kwa mnara mweupe wa msikiti wake wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, mnara mnene chini na uliochongoka juu. Nyumba nyingi za kale hapa zimekarabatiwa na wageni wenye fedha, na mtaa una ukimya wa kulipiwa. Lakini ukivuka nyumba za mwisho unatokea mahali ambapo historia ya Lamu iligeuka.

Mnamo mwaka 1812 au karibu na hapo, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela ili kuitiisha Lamu. Watu wa Lamu waliwakabili mchangani na kuwashinda. Masimulizi ya mji yanaeleza kwamba waliokimbilia vyomboni walikuta maji yamepwa na vyombo vyao vimekwama, wakauawa papo hapo ufukweni. Kwa kuhofia kisasi, Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, na ile ngome ya Mkunguni ikakamilishwa chini ya himaya hiyo. Kwa muda mrefu baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa katika vilima vya mchanga vya Shela. Kusimama pale maji yakiwa yamepwa, ukaona umbali uliopo kati ya mchanga mkavu na kina kinachoweza kuelea jahazi, ni somo ambalo kitabu hakikupi.

Ufuo mrefu hadi Kipungani

Baada ya Shela unaanza ufuo wa zaidi ya kilomita 12, unaoelekea kusini-magharibi hadi ncha ya kisiwa. Hii ndiyo njia ya mwili. Hakuna mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi, hivyo bahari inakuja na nguvu zake zote, na kuogelea mbali na watu si busara. Hakuna kivuli. Hakuna duka. Kilichopo ni mchanga, anga, kaa wanaokimbia kwa ubavu, na membe wanaosimama kundi zima wakiangalia upande mmoja.

Siri ya njia hii ni kuondoka maji yakiwa yanashuka. Mchanga ulioachwa na maji punde huwa mgumu na mguu haudidimii. Mchanga mkavu wa juu hukumaliza nguvu kabla ya nusu ya safari. Siku za bamvua, anayetoka Shela saa moja na nusu asubuhi hupata upwa mpana mbele yake hadi karibu na adhuhuri. Hesabu mwendo wa saa tatu hadi nne. Beba maji lita tatu kwa kila mtu, kofia, na nguo ya mikono mirefu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo unakusukuma mgongoni lakini joto ni kali. Wakati wa kusi upepo unakupiga usoni na mchanga unakuchoma miguu, ingawa jua linavumilika. Mimi napendelea Agosti na Septemba, mvua za masika zikiwa zimekwisha na hewa imepoa.

Mkono wa kulia, muda wote wa mwendo, kuna vilima vya mchanga. Mgeni huviona kuwa mandhari tu, lakini kijana aliyeniongoza alinisimulia zaidi juu ya vilima hivyo kuliko jambo lingine lolote. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa. Maji hayo baridi hujikusanya chini na kukaa juu ya maji mazito ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, na visima vilivyochimbwa huku ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukiyavuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukijenga juu ya vilima na kuchimba mashimo ya vyoo, unayachafua. Eneo hili limetengwa kisheria kama chanzo cha maji, lakini migogoro ya viwanja haijakoma, kwa sababu mahali penye kinywaji cha mji ndipo pia penye mandhari inayouzika kwa bei kubwa kuliko kote kisiwani.

Kipungani, Matondoni na kurudi

Ufuo ukikatika, pinda kaskazini uingie Kipungani. Mawimbi yanakoma ghafla. Mbele yako sasa kuna mkondo mtulivu na mikoko, na kijiji kidogo chini ya minazi. Kunywa madafu hapa. Utakuwa umeyatolea jasho. Wanawake wa Kipungani wanajulikana kwa ususi: miyaa inachanwa, inasukwa kuwa ukili, na ukili unashonwa kuwa mkeka au kikapu. Nilipoomba ruhusa ya kupiga picha, mama mmoja aliyekuwa akisuka mlangoni pake alinijibu bila kuinua macho: “Ya mkeka piga, mwanangu. Yangu, hapana.” Nikapiga ya mkeka, kisha nikaununua.

Kutoka Kipungani kijia kinapita ndani ya mashamba ya minazi na miembe hadi Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa. Ni njia ya mchanga mwepesi, na mtu asiyeizoea asiipite bila mwenyeji, kwani vijia vinagawanyika mara nyingi na kila kimoja kinakwenda shambani kwa mtu. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa vyombo. Chini ya vibanda vya makuti utakuta mkuku umelazwa, mataruma yamesimama juu yake, na fundi anachonga ubao kwa tezo akiupima kwa jicho. Nafasi kati ya mbao hujazwa pamba kwa kazi ya kalafati, na chombo kikimalizika kinangoja bamvua ili kishushwe majini.

Nilimsalimia mzee mmoja aliyekuwa akitoboa ubao kwa keekee.

“Waleikum salaam, mwanangu,” alisema. “Keti kwanza. Jua halina haraka.”

Nilimwuliza mashua ile ingechukua muda gani kukamilika.

“Habari ya mbao niulize mimi. Habari ya siku, kamwulize mwenye pesa.”

Nyuma ya vibanda vyake ndipo ulipoanza msitu. Kaunti ya Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Mzee alinionyesha kwa kidole: mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, mchu wenye mizizi inayochomoza juu ya tope, mlilana unaosimama mbele kabisa penye maji, ambao hupendwa kwa mataruma. Nguzo za mikoko zina majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Uarabuni na Ghuba, penye uhaba wa miti, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Ndiyo boriti zilezile ulizoziona katika dari za Mkomani.

Kurudi mjini kutoka Matondoni ni mwendo wa saa mbili kwa njia ya punda inayokata katikati ya kisiwa. Pikipiki zimeingia huku pembezoni, nawe ukichoka utapata ya kukubeba. Anayetaka kuzunguka kisiwa chote kwa siku moja anaweza, lakini atafika usiku akiwa ameona njia tu. Heri kulala Kipungani au kukodi mashua ya kurudia.

Takwa, mji uliokosa maji

Ng’ambo ya Shela kuna kisiwa cha Manda, na ndani yake magofu ya Takwa. Safari hii inaanza kwa mashua, na maji ndiyo yenye amri ya mwisho: mkono wa bahari unaofika Takwa unapitika wakati wa kujaa tu. Ukichelewa ndani, utalala na mbu wa mikokoni au utatembea kwenye tope hadi magotini. Nahodha akisema sasa, ni sasa.

Takwa ulikuwa mji wa Waswahili ulioshamiri katika karne ya 16 na 17. Ndani ya ukuta wake wa kale kuna mabaki ya nyumba, visima, na msikiti wa Ijumaa wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680. Mibuyu mikubwa imeota kati ya kuta, na kijia kifupi kinakutoa kwenye magofu hadi ufuo wa upande wa pili, ambako bahari kuu inasikika kabla haijaonekana.

Mji huu uliachwa mnamo mwaka 1700. Sababu zinazotajwa ni uhasama na Pate, na visima vilivyogeuka kuwa vya chumvi. Watu wake, kwa mapokeo ya Shela, walivuka mkondo na kwenda kuanzisha maisha upya ng’ambo, na wazao wao wamekuwa wakirudi kwenye kaburi hili kuomba mvua. Nilikaa kwenye kivuli cha mbuyu nikiiangalia Takwa kwa macho ya mtu aliyepita vilima vya Shela. Waliohama kwa sababu ya chumvi walikwenda kukaa chini ya vilima vya mchanga vyenye maji baridi. Hawakuhitaji mhandisi wa kuwaeleza.

Pate kwa mwenye pumzi

Ukibakiwa na nguvu, nenda Pate. Boti kutoka Lamu hupita Mkanda, njia nyembamba kati ya Manda na bara, isiyopitika maji yakipwa, kwa hiyo hapa pia saa ya kuondoka haiko mikononi mwako. Shuka Mtangawanda, tembea kama saa moja hadi mji wa Pate, ambako tumbaku hulimwa ndani ya kuta za majumba yaliyoporomoka. Kutoka Pate hadi Siyu ni saa mbili nyingine, kwa kijia kinachopita mashambani.

Siyu ina ngome, ina sifa ya kale ya kazi za ngozi na ya kunakili misahafu, na ndio mji wa Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona binti Msham, yule bibi aliyemwandikia bintiye utendi maarufu mwaka 1858. Kutoka Siyu, pamoja na mwenyeji, unaweza kufika Shanga ufukweni. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapo katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8. Hakuna duka la kumbukumbu wala mkahawa. Kuna kuta, makaburi, nyasi, na upepo wa bahari. Na hiyo kwangu ndiyo njia bora kuliko zote katika funguvisiwa hili.

Kabla hujafunga viatu

Kwa basi, safari huishia Mokowe, kisha boti inakuvusha hadi mjini. Kwa ndege, utashuka Manda. Ulizia hali ya usalama ya wakati huo kabla ya kuondoka na ufuate maelekezo utakayopewa, hasa ukitaka kufika Pate au bara. Nunua ratiba ya maji au mwulize nahodha yeyote gatini. Mkodi mwongozaji mwenyeji, mlipe mlivyoelewana, na mwachie yeye kuamua saa. Usiokote kigae wala jiwe katika magofu. Sheria inayalinda, na kipande ukiondoacho mahali pake hakimwambii mtu kitu tena. Chupa uliyoingia nayo utoke nayo, kwani huku uchafu unabebwa na punda au na bahari.

Mwisho, usiishie kupendezwa na mandhari. Kila kiwanja kinachouzwa juu ya vilima vya Shela kina mnunuzi anayevutiwa na mandhari hiyohiyo iliyotuvuta sisi kutembea. Ukialikwa kulala katika nyumba iliyojengwa juu ya vilima hivyo, kataa, na ueleze kwa nini umekataa. Takwa iko ng’ambo, mwendo mfupi wa mashua, kwa yeyote anayetaka kuona mji unakuwaje visima vyake vikishaingia chumvi.